Barakoa za Zoloto katika Upasuaji wa Matundu Madogo: Ulinganisho wa Vifaa kwa Kuzingatia Mazingira ya Kisiwa cha Pemba

Utangulizi

Mgonjwa anapolazwa usingizi wa dawa kwa ajili ya upasuaji, ulimi wake hulegea na kurudi nyuma, kidakatonge huacha kazi yake ya kuufunika mlango wa pumzi, na kikohozi, ambacho humwokoa mtu aliye macho anapopaliwa na tone la maji, hunyamaza. Kuanzia hapo hadi atakapozinduka, pumzi yake imo mikononi mwa mtaalamu wa usingizi na kifaa alichokichagua. Makala haya yanahusu uchaguzi huo. Yanalinganisha aina kuu za barakoa za zoloto zinazotumika duniani badala ya neli ya pumzi, yakijikita katika upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, na yanaupima ulinganisho huo kwa hali ya kisiwa ambacho msaada mkubwa zaidi wa kitabibu uko ng'ambo ya bahari.

Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, Pemba ina watu 543,441. Wakazi hao huhudumiwa na hospitali za Wete, Chake Chake, Micheweni na Vitongoji pamoja na Hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Madaktari kutoka Jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu mwaka 1964, na timu zao zimeshiriki katika kuuingiza upasuaji wa matundu madogo katika visiwa hivi. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilipendekeza mwaka 2015 kwamba kila watu 100,000 wawe na mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa pamoja. Kwa idadi ya watu wa Pemba, hao ni zaidi ya mabingwa 100. Msomaji anayezifahamu hospitali za Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa umbali uliopo kati ya pendekezo hilo na hali halisi. Sehemu kubwa ya kazi ya usingizi katika ukanda huu hufanywa na wauguzi na matabibu waliopata mafunzo ya ziada. Hao ndio wanaopaswa kujua kwa undani ni barakoa ipi inafaa, na ni lini barakoa yoyote ile haifai.

Neno na kifaa

Tangu mwaka 2020 neno barakoa limezoeleka kwa maana ya kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Kabla ya hapo, kwa watu wa pwani, barakoa ilikuwa vazi la uso la wanawake, lililofahamika sana katika enzi ya utawala wa Waomani. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa kwamba "atawekewa barakoa" anaweza kuitikia kwa utulivu akidhani ni kitu cha kuvalishwa usoni. Kifaa kinachozungumziwa hapa huingizwa kinywani, hupita juu ya ulimi na kukaa chini kabisa ya koo, mdomo wake mpana ukiwa umeuzunguka mlango wa zoloto kama kikombe kilichofunikizwa. Ridhaa ya mgonjwa haiwezi kuwa kamili iwapo picha aliyonayo kichwani ni ya kitambaa. Inatosha kumwambia kwamba ni mpira laini utakaoingizwa kooni baada ya yeye kulala na kuondolewa anapoamka.

Neli ya pumzi hupita katikati ya nyuzi za sauti na kuingia ndani ya bomba la pumzi, kisha mto mdogo wa hewa ulio karibu na ncha yake huziba nafasi iliyobaki. Uingizaji wake huhitaji laringoskopu, na kwa kawaida dawa ya kulegeza misuli, pamoja na mkono uliozoea. Barakoa ya zoloto haivuki nyuzi za sauti. Huishia mlangoni. Urahisi wake wote unatokana na jambo hilo moja, na hatari zake zote vilevile.

Chimbuko la barakoa hizi ni kazi ya Archie Brain, daktari wa usingizi wa Uingereza, ambaye mwaka 1981 alianza kuunganisha neli ya kawaida na barakoa ndogo ya pua iliyokuwa ikitumiwa na madaktari wa meno. Alichunguza umbo la koo kwa kutumia vielelezo vya plasta vilivyotolewa kwa maiti, na mwaka 1983 akachapisha maelezo ya kwanza ya kifaa chake katika jarida la British Journal of Anaesthesia. Kiliingia sokoni Uingereza mwaka 1988, na Marekani ikakiidhinisha mwaka 1991. Hiyo ndiyo barakoa inayoitwa Classic. Ina njia moja tu, ya pumzi, na mto wa silikoni unaojazwa hewa kwa bomba la sindano.

Kinachotokea tumboni

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa hewa ukaa ili ukuta wake uinuke na daktari apate nafasi ya kuona kwa kamera na kufanya kazi. Shinikizo la hewa hiyo kwa kawaida huwa kati ya milimita 12 na 15 za zebaki. Shinikizo la mashine ya kupumulia, kwa upande wake, hupimwa kwa sentimita za maji, na tofauti hii ya vipimo huwachanganya wanafunzi wengi: milimita 15 za zebaki ni takriban sentimita 20 za maji. Shinikizo hilo hukisukuma kiwambo juu, mapafu hubanwa, na hewa iliyokuwa ikiingia kwa ulaini sasa huhitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Mgonjwa wa uzazi anapoinamishwa kichwa chini, uzito wa matumbo huongezeka juu ya kiwambo. Mgonjwa wa mfuko wa nyongo huinuliwa kichwa, na hapo mapafu hupata nafuu kidogo.

Pamoja na hayo, sehemu ya hewa ukaa hufyonzwa na kuingia katika damu, hivyo mgonjwa hulazimika kupumulishwa zaidi ya kawaida ili aitoe. Mashine hufanya kazi zaidi katika kifua kilichokuwa kigumu zaidi.

Hapa ndipo kipimo kinachoitwa shinikizo la mvujo kinapokuwa kiini cha ulinganisho. Kila barakoa ina kiwango ambacho, shinikizo la hewa likikivuka, hewa huanza kuvuja pembeni mwa mto wake. Kwa barakoa ya Classic kiwango hicho kwa kawaida huwa karibu na sentimita 20 za maji, na mara nyingine chini yake. Ikiwa mapafu ya mgonjwa aliyejazwa hewa tumboni yanahitaji sentimita 25, hewa ya ziada itatafuta njia nyingine. Baadhi yake itatokea mdomoni kwa sauti inayosikika, nayo hiyo si mbaya sana kwa kuwa inajitangaza. Nyingine itaingia katika umio kimyakimya na kuvimbisha tumbo la chakula. Daktari wa upasuaji ataliona limetuna mbele ya kamera yake na kulalamika kwamba haoni mfuko wa nyongo. Mtaalamu wa usingizi atajua kwamba tumbo lililotuna huelekea kurudisha juu kilichomo ndani yake.

Barakoa za kizazi cha pili

Jibu la tatizo hilo lilikuwa kuongeza njia ya pili. Barakoa ya ProSeal, iliyotolewa na Brain mwaka 2000, ina mfereji unaopita sambamba na njia ya pumzi na kuishia kwenye ncha, mkabala na mdomo wa umio. Hewa au majimaji yanayopanda kutoka tumboni hupata pa kutokea pasipo kuligusa zoloto, na mpira mwembamba unaweza kupitishwa humo kulinyonya tumbo. ProSeal ina pia mto wa ziada upande wa mgongo, unaoisukuma barakoa mbele na kuikaza dhidi ya zoloto. Kwa sababu hiyo shinikizo lake la mvujo hufikia takriban sentimita 30 za maji, na katika tafiti nyingi linganishi ndiyo inayoongoza kwa kuziba.

Gharama yake ni ugumu wa kuiingiza. Mto wake ni mkubwa na laini, hivyo ncha huweza kujikunja nyuma bila mwingizaji kutambua. Ncha ikijikunja, mfereji huziba na faida yote ya kizazi cha pili hupotea huku barakoa ikiendelea kuonekana imekaa vizuri. Barakoa ya Supreme, iliyofuata mwaka 2007, ilikusudiwa kuondoa tatizo hilo kwa kupewa shina gumu lililopindwa kufuata umbo la koo. Huingia kwa urahisi zaidi na hutupwa baada ya matumizi mamoja. Kuziba kwake ni kuzuri, ila kwa wastani ni chini ya ProSeal.

Mwaka huohuo wa 2007 kampuni ya Intersurgical ilitoa i-gel, iliyobuniwa na daktari wa usingizi Muhammed Nasir. Hii haina mto wa kujaza hewa kabisa. Kichwa chake kimetengenezwa kwa plastiki laini mithili ya jeli, iliyochongwa kwa umbo la eneo inapokaa. Hakuna bomba la sindano, hakuna kupima shinikizo la mto, hakuna mto wa kupasuka. Mikono isiyo na uzoefu mkubwa huiweka haraka, na wagonjwa wengi hulalamika kidogo zaidi kuhusu maumivu ya koo. Shinikizo lake la mvujo kwa kawaida huwa kati ya sentimita 24 na 28. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kurekebishwa: barakoa yenye mto ikivuja huongezwa au hupunguzwa hewa, ilhali i-gel ikivuja, lililobaki ni kuisogeza, kubadili namba, au kuachana nayo. Mfereji wake pia ni mwembamba. Namba 4 ya i-gel hupitisha mpira wa tumbo wa kipimo cha 12, wakati ProSeal ya namba hiyohiyo hupitisha wa kipimo cha 16. Kwa majimaji tofauti hiyo si kubwa, lakini kwa mabaki mazito ya chakula ni kubwa.

Namba zenyewe zinahitaji uangalifu, kwa kuwa hazilingani baina ya aina na aina. Namba 4 ya i-gel imekusudiwa watu wa kilo 50 hadi 90. Namba 4 ya ProSeal, wa kilo 50 hadi 70. Hospitali inayopokea misaada kutoka vyanzo tofauti huweza kuwa na aina zote mbili katika droo moja, na mtu aliyezoea moja akaichagua nyingine kwa mazoea.

Utafiti wa J. Roger Maltby na wenzake, uliochapishwa Kanada mwaka 2002, unastahili kutajwa kwa sababu ya uwazi wa matokeo yake. Ulihusisha watu wazima 109 waliotolewa mfuko wa nyongo kwa matundu madogo, wengine wakitumia ProSeal na wengine neli. ProSeal iliyokaa vizuri ilipumulisha sawa na neli. Hata hivyo, miongoni mwa wagonjwa wanene 16 waliowekewa ProSeal, 4 walilazimika kuhamishiwa kwenye neli kutokana na kuvuja au kuziba kwa pumzi. Mmoja katika kila wanne ni uwiano usioweza kupuuzwa mahali ambapo mtu wa pili mwenye uwezo wa kuingiza neli huenda yuko nyumbani wakati huo.

Mgonjwa na tumbo lake

Ubora wa kifaa haufuti swali la nani awekewe. Ukaguzi wa kitaifa uliofanyika Uingereza kwa mwaka mzima kuanzia Septemba 2008, na kutolewa mwaka 2011, ulibaini kwamba barakoa za aina hii zilitumika katika asilimia 56 ya usingizi kamili, na kwamba vifo vinavyotokana na njia ya pumzi wakati wa usingizi vilisababishwa zaidi na vitu vya tumboni kuingia mapafuni kuliko na sababu nyingine yoyote. Baadhi ya waliopatwa na madhara hayo waliwekewa barakoa ilhali dalili za hatari zilikuwepo tangu mwanzo. Mapafu yaliyochomwa na tindikali ya tumbo huweza kuhitaji mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa. Kwa mgonjwa aliyepo Pemba, hilo linaweza kumaanisha safari ya bahari au ya ndege kuelekea Unguja akiwa katika hali mbaya kuliko aliyokuja nayo.

Kwa hiyo mjamzito wa miezi ya mwisho, mwenye utumbo uliojifunga, mwenye kiungulia kikali cha mara kwa mara na mgonjwa wa dharura ambaye hakupata muda wa kukaa bila kula, wote hao ni wa neli. Aliyeandaliwa kwa upasuaji wa kupangwa anapaswa awe ameacha chakula chepesi kwa muda usiopungua saa 6, chakula cha mafuta kwa saa 8 hivi, na maji matupu kwa saa 2. Uji si maji, wala chai ya maziwa.

Lugha ya swali hili ina mtego wake. Katika jamii ya Kiislamu kama ya Pemba, swali "Umefunga?" linaweza kujibiwa "Nimefunga" na mtu aliyekula daku saa 10 alfajiri akanuia saumu, iwe ya Ramadhani au ya sunna ya Jumatatu na Alkhamisi. Akiingizwa chumba cha upasuaji saa 3 asubuhi, amekaa saa 5 tu, na daku huwa shibe ya makusudi. Amejibu kweli, na aliyeuliza ameelewa kitu kingine. Swali lisilo na utata ni: mara ya mwisho umetia kitu mdomoni saa ngapi, na kilikuwa kitu gani?

Kundi jingine la kuangaliwa kwa makini ni wagonjwa wa selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na maradhi haya, na kwa kuwa chembe zao nyekundu huvunjika mapema, vijiwe vya nyongo huwapata wangali vijana. Hao ni wateja wa asili wa upasuaji wa matundu madogo. Upungufu wa oksijeni na wingi wa hewa ukaa katika damu ni mambo mawili yanayoweza kuzifanya chembe zao zijikunje na kuziba mishipa. Barakoa inayovuja kidogo, ambayo kwa mtu mwingine ingevumilika kwa nusu saa, kwao ni sababu ya kutosha ya kuingiza neli mapema.

Meno nayo yana nafasi yake. Mzee asiye na meno hupoteza umbo la mashavu na taya, na barakoa huweza kuyumba. Kwa upande mwingine, mwanamume mwenye ndevu nyingi ni taabu kwa barakoa ya usoni, kwa kuwa hewa huvuja kupitia ndevu. Barakoa ya zoloto haijali ndevu, na imewaokoa wengi katika dakika ile ngumu kati ya kulala na kuwekewa neli.

Dawa, maji na umeme

Vitabu vingi huchukulia kwamba mgonjwa amelazwa kwa propofoli, dawa inayonyamazisha vizuri hisia za koo. Panapokuwa na ketamini peke yake, koo hubaki macho na mate huongezeka, hivyo barakoa huweza kuamsha kikohozi au kufunga zoloto ghafla. Thiopentoni nayo hulaza haraka bila kulituliza koo kwa kiwango hichohicho. Kabla ya kulaumu kifaa, ni vyema kuuliza dawa iliyotangulia ilikuwa ipi.

Suala la kutumia tena linahitaji kusemwa bila kuzungukazunguka. Classic na ProSeal za silikoni zimetengenezwa zitumike hadi mara 40, zikisafishwa na kutakaswa kwa mvuke wa moto kati ya matumizi. Supreme na i-gel ni za mara moja, na plastiki yake haikukusudiwa kuhimili mvuke huo. Katika kisiwa ambacho kila katoni huvuka bahari, kishawishi cha kuiosha i-gel na kuirudisha kabatini ni kikubwa na kinaeleweka. Hata hivyo, kifaa kilichooshwa kwa dawa ya maji huweza kubaki na mabaki ya mate na damu ya mgonjwa aliyetangulia. Kwa mantiki hiyo ProSeal, ingawa bei yake ya mara ya kwanza ni kubwa, huenda ikawa nafuu zaidi kwa hospitali yenye mashine ya mvuke inayofanya kazi kila siku. Umeme wa Pemba tangu mwaka 2010 hutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na tangu hapo mashine kama hizo zimepata tegemeo bora kuliko enzi ya majenereta. Panapokosekana mashine hiyo au mtu wa kuisimamia, i-gel ndiyo salama zaidi, mradi agizo lifanyike kwa hesabu ya wagonjwa na si kwa hesabu ya vifaa. Kila ProSeal inahitaji kadi yake ya kuhesabia matumizi. Kadi isipojazwa, mara ya 40 haijulikani, na silikoni iliyochakaa hujionesha kwa kupasuka mto katikati ya kazi.

Kuhakiki na kuondoa

Barakoa ikishawekwa, uhakiki wake hauchukui dakika mbili. Mashine ya kupima hewa ukaa katika pumzi ioneshe mawimbi yenye umbo kamili. Tone la jeli likiwekwa kwenye mdomo wa mfereji halipaswi kupeperushwa wakati hewa inaposukumwa. Likiruka, ncha haijakaa kwenye umio. Mpira wa tumbo upite bila kusukumwa kwa nguvu, jambo ambalo ndilo ushahidi kwamba ncha haikujikunja. Shinikizo la mto, kwa zile zenye mto, lisizidi sentimita 60 za maji. Kisha shinikizo la mvujo lipimwe kabla tumbo halijajazwa hewa: valvu hufungwa, oksijeni huachwa itiririke lita 3 kwa dakika, na sikio husogezwa mdomoni mwa mgonjwa huku jicho likitazama kipimo, kisiruhusiwe kuvuka 40. Barakoa inayovuja kwenye 18 ibadilishwe papo hapo, wakati daktari wa upasuaji bado ananawa mikono. Kuibadilisha baadaye, taa zikiwa zimepunguzwa, mgonjwa ameinamishwa na tumbo limejaa, ni kazi nyingine kabisa. Neli na laringoskopu iliyojaribiwa taa yake viwe juu ya meza tangu mwanzo, si ndani ya kabati.

Mwisho wa upasuaji hewa ukaa hutolewa, tumbo la chakula hunyonywa kwa mara ya mwisho, na mgonjwa huachwa apumue mwenyewe. Barakoa haing'olewi akiwa nusu usingizini, kwa kuwa hapo ndipo zoloto huwa jepesi kujifunga. Huachwa mahali pake, bila kumsumbua kwa kumnyonya koo, hadi atakapoitwa kwa jina, aambiwe afungue mdomo, naye aufungue.